Baiskeli, barafu na zamu ya saa moja asubuhi

Swali: Kaka fundi, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninaishi Minneapolis, Marekani, upande wa Longfellow, na ninatunza wazee katika makao yaliyo karibu na ziwa Bde Maka Ska. Tangu Mei ninakwenda kazini kwa baiskeli kupitia njia ya baiskeli ya Midtown Greenway, kama kilomita saba, na zamu yangu inaanza saa moja asubuhi. Wenzangu wananishauri Novemba ikifika niitundike mpaka Aprili, eti nitavunjika nyonga. Baiskeli ni ya mtumba, tairi zake ni 700 kwa 35, breki ni za kubana rimu. Nina dola 250 za kutumia, na ninavaa hijabu. Je, inawezekana? Na nianzie wapi?

Jibu: Inawezekana, dadangu, na kwa njia unayopita wewe ni rahisi kuliko kwa wengi wanaoniletea swali hili gerejini. Ila wenzako hawakukosea kuhusu nyonga. Kila majira ya baridi watu huanguka hapa na kuvunjika, na karibu wote huangushwa na jambo lile lile moja: barafu yenye unyevu. Nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu ukilielewa hilo, mengine ni ya kununua na kuzoea.

Tuliotoka kwenye joto tukija huku tunaogopa baridi. Tunatazama simu, tunaona nyuzi 20 chini ya sifuri, tunasema leo hapana. Kisha siku moja ya Machi joto linapanda, jua linawaka, tunatoka tukiwa na furaha, na hiyo ndiyo siku ya kuanguka. Kwa mwendesha baiskeli, nyuzi 2 chini ya sifuri ni hatari kuliko nyuzi 20 chini ya sifuri. Barafu iliyo karibu na kuyeyuka ina utando mwembamba wa maji juu yake, na utando huo ndio unaoteleza. Kadiri baridi inavyozidi, utando unapungua na barafu inakuwa kavu na ngumu, hata tairi hupata pa kushika kidogo. Mpira kwenye lami kavu hushika kwa nguvu ya kama 0.7 au 0.8 ya uzito unaoulalia. Kwenye barafu yenye unyevu kiasi hicho hushuka hadi 0.1, pengine chini ya hapo. Kwa kiasi hicho huwezi kukata kona hata kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na breki ya mbele ukiigusa tu unalala chini.

Kule Oulu, Finland, mji ulio kaskazini mno kuliko wetu, watoto wanakwenda shule kwa baiskeli Januari nzima, na wengi wao hawana tairi maalumu. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa uendeshaji baiskeli wakati wa baridi ulifanyika huko mwaka 2013. Minneapolis tuliupokea mwaka 2016. Siri ya Oulu iko wazi: baridi yao haichezi, inabaki chini ya sifuri kwa miezi. Theluji inashindiliwa, greda linaipitia na kuacha michirizi, na juu yake tairi inashika vizuri. Sisi hapa tunapanda na kushuka. Mchana theluji ya kando inayeyuka na maji yanakatiza njia, usiku yanaganda. Wewe unapita alfajiri, saa ile ambayo hewa iko baridi kuliko saa zote, kabla jua halijagusa kitu. Mwisho wa Desemba jua hapa linachomoza kama saa mbili kasoro dakika kumi. Kwa hiyo asubuhi utakutana na barafu, na jioni ukirudi utakutana na rojo la theluji na maji. Ni njia mbili tofauti kabisa, ingawa ni ile ile.

Kila usiku kabla ya kulala, tazama mambo mawili kwenye simu: jana au leo mchana joto lilipita nyuzi 32 za Farenhaiti, yaani sifuri yetu? Na usiku huu litashuka chini yake? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, kesho kuna barafu njiani, hata kama dirishani unaona lami nyeusi imekauka. Chumvi usiitegemee sana. Chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani inafanya kazi vizuri mpaka kama nyuzi 15 za Farenhaiti, ambazo ni kama 9 chini ya sifuri kwa kipimo cha nyumbani. Chini ya hapo haiyeyushi kitu cha maana.

Sasa njia yako. Midtown Greenway ni mtaro wa reli ya zamani, karibu kilomita tisa, na sehemu kubwa yake imechimbwa chini ya usawa wa mitaa. Hilo lina neema zake: hakuna magari, upepo haukupigi kama juu, taa zipo, na mara nyingi greda linaipitia mapema kuliko mitaa ya nyumba za watu. Mitaani theluji husukumwa pembeni, na pembeni ndipo ilipo njia ya baiskeli. Kisha magari yanaegeshwa mbali na ukingo kwa sababu ya marundo, na wewe unabaki kubanwa katikati. Ndiyo maana nasema una bahati.

Lakini mtaro nao una yake. Jua la mchana mwisho wa Desemba linapanda kama nyuzi 22 tu juu ya upeo wa macho. Ukuta wa kusini wa mtaro unalizuia, kwa hiyo upande huo wa njia unaweza kukaa siku nyingi bila kuona jua, na barafu iliyoshika hapo haibanduki. Yale madaraja ya barabara yanayopita juu yako yanadondosha maji ya theluji iliyoyeyuka, na matone yanaganda chini kuwa vinundu vigumu. Kila unapoingia kivuli cha daraja, shika usukani ukiwa umenyooka, acha breki, na usibadili upande. Vile vile, njia za lami zinazokupandisha kutoka mtaroni hadi mtaani zina mteremko na kona kwa pamoja, na maji yote ya juu yanapita hapo. Watu wengi hupita chini salama kabisa kisha wakaangukia hapo, karibu na mwisho wa safari. Hapo shuka ukokote baiskeli bila aibu.

Daraja la Sabo, lile linalokuvusha juu ya barabara ya Hiawatha, ndilo la kwanza asubuhi yako, na lina tabia ya madaraja yote: hewa baridi inapita juu yake na chini yake, kwa hiyo linaganda kabla ya ardhi. Linaweza kuwa na umande ulioganda hata siku ambayo hapajanyesha wala kudondoka theluji. Lichukulie kama kipimo chako. Ukilikuta linateleza, jua njia nzima inadai uangalifu.

Barafu nyeusi ndiyo inayoogopwa zaidi, na haina weusi wowote. Ni angavu, unaona lami iliyo chini yake. Kwenye mwanga wa taa inang'aa kama lami yenye maji. Namna ya kuitambua ni hii: kama hewa iko chini ya sifuri na lami inaonekana imelowa, lakini tairi ya mbele hairushi matone na huisikii sauti ile ya maji, basi hayo si maji. Masikio yako yatakusaidia kuliko macho, hasa ukishafunga tairi ninazokueleza sasa. Kwa sababu hiyo usiendeshe ukiwa umeziba masikio kwa muziki.

Pesa zako kwanza ziende kwenye tairi za njumu. Ni tairi zenye vichwa vidogo vya chuma vilivyopandikizwa kwenye mpira, na vichwa hivyo vinauma barafu. Nunua zile ambazo njumu zake zina ncha ya karbaidi ya tungsteni. Njumu za chuma cha kawaida zinaisha upesi kwenye lami, na wewe siku nyingi utakuwa unapita kwenye lami tupu. Bei huwa kati ya dola 60 na 100 kwa tairi moja, na zikitunzwa zinakaa misimu mingi. Kampuni ya Schwalbe inazitengeneza, ya 45NRTH iko hapa hapa Minnesota, na za Suomi Tyres, waliorithi kazi ya Nokian, zinatoka Finland. Usihangaike sana na jina. Angalia idadi ya njumu na mahali zilipokaa. Kwa mfano W106 ya Suomi ina njumu 106, na W240 ina 240. Zenye njumu mistari miwili ni nyepesi na zinatosha kwenye lami yenye mabaka ya barafu. Zenye mistari minne zinakushika pia unapoinama kwenye kona au gurudumu linapoingia kwenye mfereji ulioganda wa tairi za wenzako. Kwa kivuli cha mtaro wako, ningependa uchukue za mistari minne.

Pesa zikitosha tairi moja tu kwa mwezi huu, ifunge mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, baiskeli inayumba na mara nyingi unapata nafasi ya kuinyoosha. Gurudumu la mbele likiteleza, uko chini kabla hujajua. Nimeona watu wakifunga ya nyuma kwa sababu ndiyo inayosukuma, na nawasihi wote waihamishe.

Kabla ya kununua, njoo na baiskeli au pima mwenyewe: kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na madigadi, pawe na nafasi ya kutosha, kwa sababu njumu zinachomoza na zikigusa zitakwaruza fremu mpaka chuma. Ukubwa wako wa 700 kwa 35 ni wa kawaida sana, utapata bila shida. Fuata mshale ulioandikwa ubavuni. Zikishafungwa, kilomita 40 za mwanzo endesha kwenye lami kavu kwa upole, bila kufunga breki kwa nguvu na bila kukanyaga kwa pupa, ili njumu zikae vizuri kwenye vitundu vyake. Hii inamaanisha uzifunge wiki ya kwanza ya Novemba, kabla ya barafu. Anayezifunga asubuhi ya theluji ya kwanza hupoteza njumu nyingi kabla ya Krismasi.

Kuhusu upepo wa tairi, jaza karibu na kiwango cha chini kilichoandikwa ubavuni, usiende chini yake. Tairi laini kidogo inalala na kugusisha njumu nyingi zaidi. Na kumbuka baridi yenyewe inapunguza upepo. Tairi iliyojazwa paundi 50 sebuleni kwenye joto la nyuzi 20, ukitoka nayo kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri inabaki na kama paundi 42, bila kuvuja hata kidogo. Pima nje, au jaza ndani ukijua hilo.

Utawasikia watakaokushauri upigilie skrubu mwenyewe kwenye tairi ya zamani. Kwa mtu anayecheza kwenye ziwa lililoganda, sawa. Kwa mtu wa lami, skrubu zinasagika siku chache kisha zinatoboa tyubu. Wengine watakuambia ununue ile baiskeli ya tairi nene kama za pikipiki. Hiyo ni ya theluji tifutifu porini, bei yake ni mara nyingi ya pesa ulizonazo, na bila njumu inateleza kwenye barafu kama nyingine yoyote.

Jambo moja tairi za njumu haziwezi kulitatua ni theluji ya kahawia iliyokorogwa na magari na chumvi, ile inayokuwa kama sukari guru iliyosagwa. Haina ugumu wa kuumwa, gurudumu linazama na kupelekwa linakotaka. Utaikuta kwenye makutano ya mitaa. Punguza mwendo kabla ya kuingia, weka gia nyepesi, kaa uzito nyuma, kanyaga taratibu bila kusita, na tazama unakokwenda, usitazame gurudumu.

Kwa barafu yenyewe mwendo ni mmoja: maliza kila kitu kabla ya kufika. Punguza kasi kabla, geuka kabla, funga breki kabla. Ukiwa juu ya barafu usifanye kitu, nyooka tu upite. Breki itumie ya nyuma, kwa kidole kimoja. Breki zako za kubana rimu zina kasoro ya kuchelewa, kwani rimu ikiwa na maji au utando wa barafu, mpira wa breki unafuta kwanza ndipo unashika. Unapoona makutano mbele, zigusegusa mapema ili zijikaushe. Teremsha siti kama sentimita mbili kuliko ya kiangazi, ili mguu ufike chini bila kujinyoosha. Tumia pedeli bapa, zisizofunga kiatu.

Na mguu wenyewe unahitaji tahadhari. Kuna ajali ninayoisikia mara nyingi sana: tairi za njumu zimemvusha mtu salama, akasimama kwenye taa, akaweka mguu chini, na kiatu kikateleza. Tairi ilishika, yeye akaanguka. Kwa hiyo nunua zile raba zenye meno madogo ya chuma zinazovalishwa juu ya kiatu, si ghali, au walau vaa viatu vyenye soli laini yenye mikunjo mirefu. Ukifika kazini zivue mlangoni, kwenye vigae zinateleza vibaya.

Jumapili moja ya mwanzo, mchana, tafuta uwanja mtupu wa kuegesha magari ulio na barafu, ukafanye mazoezi. Funga breki ya nyuma kwa makusudi uone inavyoteleza. Zunguka polepole. Mwili ukishajua ile hali ya gurudumu kuponyoka kidogo, hautashtuka asubuhi ya kazi, na mshtuko ndio unaomfanya mtu akaze breki.

Mavazi. Hapa tatizo la wengi wetu ni kuvaa kupita kiasi. Ukitoka mlangoni ukiwa umepata joto zuri, dakika kumi baadaye utakuwa umelowa jasho, na jasho likipoa ndipo baridi inapokushika kweli. Toka ukiwa unasikia ubaridi kidogo. Nguo ya kugusa ngozi isiwe ya pamba, kwa sababu pamba inanywa jasho na haikauki. Vaa sufu nyembamba au ile ya michezo. Juu yake sweta ya kati siku za baridi kali, na koti jepesi la kuzuia upepo lenye zipu ya kufungua kwapani au kifuani. Kwa hijabu yako ushauri ni ule ule: ya sufu nyembamba au ya michezo, ambayo kwa kweli inafunika masikio na shingo vizuri kuliko boshori nyingi. Usiweke pini chini ya helmeti, kwa sababu ukianguka zitakuchoma. Ncha ziingize ndani ya koti. Legeza mikanda ya helmeti na uifunge upya ukiwa umevaa hijabu, ikae sawasawa juu ya paji, isipande nyuma. Nguo ndefu ya chini iache kwenye mkoba, uivae ukifika, maana gauni likishikwa na mnyororo au spoki linakuangusha hata Julai.

Vidole ndivyo vinavyoteseka. Glavu nene pekee hazitoshi na zinakuzuia kushika breki. Tafuta ile mifuko inayofungwa moja kwa moja kwenye usukani, unaingiza mikono ndani yake ukiwa na glavu nyembamba. Ni kama dola 40 hadi 60, na kwa maoni yangu baada ya tairi hakuna kitu kinachostahili pesa zako kuliko hicho. Viatu visibane. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana zinazuia damu, na miguu itakuwa baridi kuliko ukiwa na moja.

Ukiendesha kilomita 20 kwa saa unajitengenezea upepo wako mwenyewe. Hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri kwa mwendo huo uso unaisikia kama 24 chini. Ikifika hisia ya kama 28 chini, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu mafunzo mengi ya kujikinga yameandikwa kwa ngozi nyeupe. Wanasema angalia weupe. Kwenye ngozi yetu utaona kijivu au ukavu usio na uhai, na gizani hutauona kabisa. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Kwa hiyo usingoje kuona. Kidole au pua ikiuma sana kisha maumivu yakaisha ghafla na ukawa huhisi kitu, hiyo ndiyo dalili. Ingia ndani. Usisugue, usiweke kwenye moto wala kwenye redieta. Weka kwenye maji ya joto la mwili, nyuzi 37 hadi 39, na mwambie mtu mwingine ayapime kwa mkono wake kwa sababu wewe huhisi. Ngozi ikibaki ngumu au ikitoa malengelenge, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Taa ni wajibu wa kisheria Minnesota: nyeupe mbele, na nyuma angalau kiakisi chekundu, lakini wewe weka taa nyekundu inayowaka. Betri zinapoteza nguvu kwenye baridi, kwa hiyo zichaji kila siku na uwe na ya akiba mfukoni, karibu na mwili.

Baiskeli yenyewe italiwa na chumvi. Huna sababu ya kuisikitikia, ni ya mtumba, lakini iangalie. Mara moja kwa wiki imwagie ndoo ya maji ya uvuguvugu, ikaushe, kisha mnyororo uupake oili nzito ya majira ya mvua na kufuta inayozidi. Nguzo ya siti ipake grisi kabla ya msimu, la sivyo Aprili haitatoka. Kuna makosa mawili yanayowaleta watu kwangu asubuhi wakiwa wamechelewa. La kwanza ni kuingiza baiskeli yenye theluji ndani ya nyumba yenye joto kwa muda mfupi, kisha kuitoa. Theluji inayeyuka, maji yanaingia kwenye mabomba ya waya za breki na gia, na nje yanaganda. Waya haisogei. Ama iache mahali penye baridi kavu muda wote, ama iingize ikauke kabisa usiku mzima. La pili ni friwili kuganda, yaani ile sehemu ya gurudumu la nyuma inayokuruhusu kuacha kukanyaga huku gurudumu likizunguka: grisi nzito ndani yake inakuwa ngumu, vile vijino havirudi, na unakanyaga pedeli hewani bila gurudumu kuzunguka. Leta Oktoba tuisafishe na kuweka oili nyepesi. Kufuli liegeshe tundu likitazama chini, na ulitie dawa ya kuzuia kuganda. Usilipulizie pumzi, mvuke wako nao unaganda mle mle.

Mzigo uweke kwenye keria nyuma, usibebe mgongoni. Mgongo hautalowa jasho, na uzito ulio nyuma unalisaidia gurudumu kushika.

Kwa hesabu yako ya dola 250: tairi mbili kama 160, mifuko ya mikono 45, raba za viatu 20, zinazobaki oili na taa ya nyuma. Nguo za sufu zitafute kwenye maduka ya mitumba, msimu ukianza zinajaa.

Zipo siku za kuiacha. Mvua inayoganda ikigusa ardhi, iache, hata mimi siendeshi. Theluji mpya inayofika katikati ya muundi wa mguu kabla greda halijapita, iache. Siku kama Januari 30 mwaka 2019, kipimajoto kiliposhuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri hapa mjini, hakuna sababu ya kumthibitishia mtu yeyote chochote. Na ukitoka zamu mbili mfululizo ukiwa umechoka, iache pia. Uchovu unapunguza wepesi wa mwili kuliko baridi. Uzuri ni kwamba Lake Street iko mtaa mmoja tu kusini mwa Greenway, na basi la B Line linapita humo sambamba nawe. Mahali popote ukiona njia imekushinda, panda juu, weka baiskeli kwenye kibebeo kilicho mbele ya basi, umalizie safari umekaa. Jua mapema njia zipi za kutokea mtaroni zina kituo karibu. Na jipe muda: tairi za njumu ni nzito, safari ya dakika 25 itakuwa dakika 35 au 40, basi toka saa kumi na mbili na dakika kumi ili usiwe na haraka kwenye barafu.

Ukikuta nundu la barafu chini ya daraja fulani, soma jina la barabara iliyo juu, na ukifika piga 311, namba ya huduma za jiji, uwaambie mahali hasa. Wafanyakazi wanaokuja baadaye kwa baiskeli wengi ni wa zamu kama wewe, hawana gari la akiba.

Tairi usizivue Machi hata kama utaona majani. Aprili 2018 ilitushushia zaidi ya sentimita 35 za theluji katika mwisho wa wiki mmoja. Ngoja wiki mbili za usiku usioganda, ndipo uzivue, uzioshe chumvi, uzikaushe na kuzitundika gizani mbali na joto. Ukitaka nizifunge mwenyewe Novemba, njoo siku ya katikati ya wiki, Jumamosi gereji inajaa.